Kutoa hewa katika injini ya dizeli: istilahi na matumizi yake

Kutoa hewa, katika lugha ya mafundi wa injini za dizeli, ni kuiondoa hewa iliyonaswa ndani ya njia ya mafuta, kuanzia tangini hadi kwenye nozeli, ili mafuta yajae njia nzima bila kukatika. Kazi hii hufanywa baada ya tangi kukauka, baada ya filta kubadilishwa, au baada ya paipu yoyote ya mafuta kufunguliwa. Dereva wa lori aliyeishiwa dizeli njiani anaijua. Mwenye mashine ya kusaga unga anaijua. Nahodha wa boti ya uvuvi na mkulima mwenye trekta nao wanaijua, kwa kuwa injini ya dizeli iliyoingiwa na hewa inaweza kukataa kuwaka hata tangi likijazwa hadi shingoni.

Pamoja na kujulikana huko, msamiati wa kazi yenyewe haupatikani mahali pamoja. Katika kamusi, vidahizo vinavyohusika vimetawanyika: toa, hewa, upepo, bomba, legeza, zungusha; na kila kimoja kina maana kadhaa ambazo fasili zake hazikuandikwa kwa kumfikiria fundi. Mfasiri wa kitabu cha maelekezo ya injini hulazimika kuviokota kimoja kimoja. Asipokuwa mwangalifu huandika sentensi ambayo kila neno lake, likitazamwa peke yake, ni sahihi, lakini fundi akiifuata injini haiwaki, au fundi mwenyewe anaumia.

Mtego wa kwanza umo katika jina la kazi. Kiingereza huitaja kwa kitenzi kilekile kinachotumika kwa mtu anayetokwa na damu, na tafsiri ya neno kwa neno huzaa vioja kama "kutokwa damu kwa mfumo wa mafuta". Kiswahili hakikuihitaji sitiari hiyo. Kinasema kitu kinachotendeka, kama Kijerumani kinavyofanya kwa kitenzi entlüften, ambacho maana yake ni kutoa hewa. Si kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kumtoa mtu damu kwa ajili ya tiba. Maneno kuumika na kupiga chuku ni ya zamani. Ila hayo hayakuhamia gereji: kupiga chuku kumehamia kwa wasimulizi wanaotia chumvi.

Kitenzi toa kina kasoro moja inayofaa kuangaliwa. Sentensi "Pampu hii inatoa hewa" inaweza kumaanisha kwamba pampu inaiondoa hewa kwenye mfumo, au kwamba hewa inatoka ndani ya pampu hiyo, jambo ambalo ni dalili ya ubovu. Palipo na hatari ya utata, ondoa ni salama zaidi, au sentensi itaje mahali: "Toa hewa kwenye filta." Kauli ya kutendea huondoa utata huo katika majina ya vifaa. Skrubu ya kutolea hewa haiwezi kueleweka vingine. Ni skrubu ambayo kwayo hewa hutolewa. Kamusi nyingi hupendelea parafujo, neno la asili ya Kireno, lakini fundi anayeombwa parafujo huenda akamtazama mwombaji kwa muda kabla ya kumpa skrubu.

Kwa nini kiputo kidogo huzima injini kubwa

Uzito wa uchaguzi wa maneno hauonekani mpaka kazi yenyewe ieleweke. Injini ya petroli huwasha mchanganyiko wa mafuta na hewa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haitegemei cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ipate joto kali, kisha dizeli hupulizwa humo na kuwaka yenyewe. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alipata hataza ya wazo lake mwaka 1893, na injini yake ilithibitishwa huko Augsburg mwaka 1897. Jina lake la ukoo ndilo lililoingia katika Kiswahili kuwa dizeli, na sasa hutaja mafuta zaidi kuliko injini: mtu akisema "nimenunua dizeli" hakuna anayedhani amenunua mashine.

Dizeli hufika kwenye silinda kupitia nozeli, ambayo mafundi wengine huitamka nozo. Nozeli ni kama mlango uliofungwa kwa springi. Haufunguki mpaka dizeli isukumwe kwa presha ya kutosha, na katika injini za mtindo wa zamani presha hiyo ni kati ya bar 100 na 250 hivi. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hujazwa kwa bar 2 na kitu. Kiasi kinachosukumwa kila mara ni kidogo sana. Katika injini ndogo hakizidi sana tone moja la maji.

Hapo ndipo hewa inapoharibu mambo. Mafuta hayabaniki kwa urahisi, ilhali hewa hubanika. Kiputo kikikaa kati ya pampu na nozeli, pistoni ya pampu hukibana, kikajikunja. Pistoni ikirudi, nacho hujikunjua. Presha haifiki, nozeli haifunguki, na dizeli haiingii kwenye silinda. Stata inalia, injini inazunguka, na kwenye ekzosi hautoki hata moshi. Kutokuwapo kwa moshi ni dalili nzuri ya kumwongoza fundi: dizeli ingekuwa inaingia bila kuwaka vizuri, moshi mweupe au wa kijivu ungeonekana.

Hewa hiyo huingia wapi? Mara nyingi huingia upande wa kuvuta, yaani kati ya tangi na pampu, na hapa kitenzi vuja humpotosha msomaji. Paipu inayovuja, katika Kiswahili cha kawaida, hudondosha. Msomaji aliyeandikiwa "angalia kama paipu inavuja" atapitisha kitambaa kutafuta unyevu, asiuone, kisha aendelee na mambo mengine. Lakini upande wa kuvuta, presha iliyo ndani huwa ndogo kuliko ya nje wakati injini inafanya kazi. Penye nati iliyolegea au mpira uliopasuka, si dizeli inayotoka bali hewa inayoingia. Kitenzi kinachofaa ni nyonya au vuta: "Angalia kama maungio ya upande wa tangi yananyonya hewa."

Kuna hewa nyingine ambayo ni lazima iingie. Kifuniko cha tangi huwa na tundu la kupumulia, ili hewa ichukue nafasi ya mafuta yanayopungua. Tundu hilo likizibwa na matope, tangi hukosa pumzi, dizeli inashindwa kutiririka, na injini inazimika kwa namna inayofanana kabisa na injini iliyoingiwa na hewa. Kwa hiyo sentensi "hewa haitakiwi kuingia kwenye mfumo wa mafuta" ni pana mno. Haitakiwi kuvuka mdomo wa paipu ya kuchotea mafuta iliyomo tangini.

Hewa au upepo

Katika gereji nyingi za Tanzania, neno linalosikika si hewa bali upepo: kutoa upepo kwenye breki, kutoa upepo kwenye dizeli, injini imevuta upepo. Wapo walimu wanaolisahihisha, kwa hoja kwamba upepo ni hewa inayokwenda, na kiputo kilichokwama kwenye paipu hakiendi popote. Hoja hiyo inafuata fasili za kamusi, lakini haifuati matumizi. Kiswahili kimekwisha kukubali upepo wa tairi, na hakuna anayedai kwamba upepo huo unavuma ndani ya tairi. Katika lugha ya ufundi, upepo ni hewa iliyofungiwa mahali, iwe imetiwa kwa makusudi kama kwenye tairi au imeingia bila kuitwa kama kwenye breki.

Kwa mfasiri, uamuzi hutegemea anayeandikiwa. Katika kitabu cha kiada au mwongozo unaochapishwa kwa nchi zaidi ya moja, hewa ndiyo bora: inaeleweka kote na haina mkanganyiko. Katika mafunzo ya mafundi, upepo hauna sababu ya kufutwa. Kinachotakiwa ni kutoyachanganya katika waraka mmoja, kwa sababu msomaji wa maelekezo ya kiufundi hudhani kwamba maneno mawili ni vitu viwili. Upatanisho nao ukumbukwe: hewa imeingia, hewa yote itoke, lakini upepo umeingia, upepo wote utoke. Mhariri akibadilisha neno bila kubadilisha viambishi, sentensi hubaki na alama za neno lililoondolewa.

Bomba, pampu, paipu

Hakuna neno linalosumbua zaidi katika mada hii kuliko bomba. Asili yake ni Kireno, na katika Kireno bomba ni chombo cha kusukumia maji. Kiswahili kililipokea kwa maana hiyo, kisha likapanuka. Kitu kinachosukuma maji kimeungana na bomba linalopitisha maji; ndiyo maana tuna bomba la moshi, ambalo halisukumi kitu, na bomba la sindano, ambalo kwa hakika linasukuma. Maji ya bomba ni maji yanayofika nyumbani kwa njia hiyo, na koki yenyewe nayo huitwa bomba. (Matumizi ya vijana, ambamo kitu bomba ni kitu kizuri sana, hayatuhusu hapa, ingawa fundi anaweza kusema kwa haki kwamba ana pampu bomba.)

Baadaye likaja pampu kutoka Kiingereza, likachukua kazi ya kusukuma, na bomba likaelekea zaidi kwenye kupitisha. Lakini mgawanyo huo haujakamilika. Wako wazungumzaji, hasa wa umri mkubwa, ambao kwao bomba la baiskeli ni kile chombo cha kujazia upepo. Sasa itazamwe sentensi hii: "Legeza bomba la mafuta lililo karibu na filta." Akiisoma mmoja, atashika nati ya paipu. Akiisoma mwingine, atafungua boliti zinazoishikilia pampu kwenye injini, kazi ya nusu saa isiyohitajika, na gasketi itapasuka juu yake.

Njia iliyo salama ni kugawa majina matatu na kuyashika hadi mwisho wa waraka. Pampu iwe chombo kinachovuta au kusukuma. Bomba liwe njia ngumu ya chuma, kama zile nyembamba zinazotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli. Mpira, au paipu ya mpira, uwe njia inayopindika. Injini nyingi za mtindo wa zamani zina pampu mbili, na hizo nazo zisiitwe kwa jina moja: ndogo ni pampu ya kuvuta, inayotoa dizeli tangini na kuipitisha kwenye filta, kubwa ni ile ambayo mafundi huiita injekta pampu, inayoipa dizeli presha ya kufungua nozeli. Mashine ndogo ambazo tangi lake limewekwa juu ya injini huenda zisiwe na pampu ya kuvuta kabisa, kwa sababu dizeli hushuka kwa uzito wake yenyewe.

Neno mafuta lina ugumu mdogo zaidi, lakini upo. Mfumo wa mafuta unaweza kuwa wa dizeli au wa kulainisha vyuma. Mafundi hutenganisha kwa kusema oili kwa yale ya kulainisha, na mwandishi afanye hivyo hivyo. Au aandike moja kwa moja mfumo wa dizeli.

Kutoa na kujaza

Vitabu vya injini vilivyoandikwa kwa Kiingereza huwa na kazi mbili zenye majina mawili. Moja ni ile ya kutoa hewa. Ya pili ni kuutayarisha mfumo kwa kuujaza mafuta kabla injini haijaanza kuvuta yenyewe; jina lake kwa Kiingereza hutumika pia kwa pampu ya maji inayotiwa maji kwanza ndipo iwashwe, na kwa rangi ya kwanza inayopakwa ukutani. Kiswahili hakina neno moja linalobeba yote hayo, wala hakuna hasara. Kwa pampu ya maji husemwa kutia maji kwenye pampu kabla ya kuiwasha. Kwa injini ya dizeli, kujaza mfumo kwa pampu ya mkono kunatosha, na kitenzi pampu, kilichozaliwa kutokana na nomino yake, kinaeleweka katika gereji yoyote: "Pampu mpaka iwe ngumu."

Kutoa hewa na kujaza mafuta ni kazi moja iliyotazamwa kutoka pande mbili, kwa kuwa hakuna mafuta yanayoingia pasipo hewa kuondoka. Lakini mwongozo unapoyataja yote mawili, tofauti yake ni ya vitendo. Kwenye Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, kwa mfano, juu ya filta kuna kitufe kikubwa cha kusukuma kwa kiganja. Fundi akibadilisha filta, hukisukuma mara nyingi hadi kikaze. Hapo filta imejaa. Huko ni kujaza, na kumefanyika bila skrubu hata moja kuguswa. Kutoa hewa, kwa maana ya kulegeza mahali ili itoke, huenda kusihitajike kabisa. Mfasiri aliyeandika "toa hewa" katika vichwa vyote viwili amemfanya msomaji atafute skrubu ya kulegeza mahali ambapo alitakiwa kusukuma kitufe tu.

Legeza si fungua, zungusha si washa

Kitenzi fungua kina ukarimu mwingi. Hufungua mlango, koki, kitabu, nati na mkutano. Katika maelekezo ya kutoa hewa, ukarimu huo ni hatari, kwa sababu anayeambiwa "fungua skrubu" ana haki ya kuitoa yote. Skrubu ya kutolea hewa ikitolewa, dizeli humwagika, washa yake ya shaba hudondoka kwenye mchanga, na vumbi linapata njia ya kuingia katika pampu ambayo sehemu zake zimelingana kwa usahihi kuliko unene wa unywele. Kinachotakiwa ni legeza, kauli ya kutendesha ya legea: skrubu ibaki mahali pake, lakini isibane. Ni vyema kipimo kitajwe, mzunguko mmoja au miwili. Kinyume chake ni kaza, wala si funga.

Washa iliyotajwa hapo juu ni nomino, kisahani chenye tundu kinachokaa chini ya skrubu. Kitenzi washa ni jambo jingine, na kina mtego wake. Katika hatua ya mwisho ya kutoa hewa, fundi huizungusha injini kwa stata ili injekta pampu isukume dizeli hadi kwenye nozeli, huku nati za nozeli zikiwa zimelegezwa. Injini hapo haitarajiwi kuwaka. Mwongozo ukisema "washa injini", msomaji atakaa kwenye stata akingoja iwake, na atakapochoka betri itakuwa imekufa. Mafundi husema piga stata. Maandishi rasmi yanaweza kusema zungusha injini kwa stata. Washa ibakizwe kwa ajili ya hatua ya mwisho.

Jambo la nyakati za vitenzi huonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama kazi itarudiwa. Zilinganishwe sentensi mbili:

"Pampu hadi dizeli itoke bila viputo, kisha kaza skrubu."

"Pampu hadi dizeli itoke bila viputo, na ukaze skrubu huku dizeli ikiendelea kutoka."

Katika ya kwanza, kisha hutenga matendo mawili. Fundi anaacha kupampu, anaokota spana, anakaza. Katika muda huo dizeli imeshuka kidogo na hewa imerudi kupitia uwazi uleule. Katika ya pili, huku pamoja na kiambishi -ki- huyafanya matendo yaende pamoja, na hewa haipati nafasi. Mafundi wa breki wanaijua kanuni hiyo kwa umbo jingine: skrubu hukazwa kabla mguu haujaachia pedeli. Maneno bila viputo nayo si pambo. Dizeli ya kwanza kutoka huja na povu, na anayeandikiwa "hadi dizeli itoke" ataridhika na povu hilo.

Kwa kuzingatia hayo, maelekezo ya trekta ya kawaida yenye silinda tatu na injekta pampu ya mtindo wa zamani yanaweza kuandikwa hivi:

"Jaza dizeli safi tangini na ufungue koki. Futa vumbi kwenye filta, kwenye injekta pampu na kwenye nati za nozeli. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya filta kwa mizunguko miwili, bila kuitoa. Sukuma mkono wa pampu ya kuvuta hadi dizeli itoke bila viputo, na ukaze skrubu huku dizeli ikiendelea kutoka. Ikiwa mkono wa pampu ni mwepesi na hausukumi kitu, zungusha injini mzunguko mmoja, kisha ujaribu tena. Rudia kazi hiyo kwenye kila skrubu ya kutolea hewa ya injekta pampu. Hakikisha kivuto cha kuzimia injini kimerudishwa, na uweke akselereta mwisho. Legeza nati za mabomba kwenye nozeli. Zungusha injini kwa stata kwa muda usiozidi sekunde 15, uipumzishe stata, kisha uendelee hadi dizeli iruke bila viputo kwenye kila nati. Kaza nati, rudisha akselereta katikati, washa injini, na ufute dizeli iliyomwagika."

Mpangilio huo unafuata njia ya dizeli yenyewe, kutoka tangini kwenda kwenye silinda, na haubadilishiki: anayeanza kwenye nozeli anasukuma mbele hewa iliyobaki nyuma. Sentensi ya mkono mwepesi inahitaji maelezo, kwa kuwa wengi huiona haina maana na kuifuta. Pampu ya kuvuta husukumwa na nundu ya chuma inayozunguka ndani ya injini. Injini ikisimama nundu hiyo ikiwa imeibana pampu, mkono wa nje hauna kitu cha kusukuma. Hakuna kilichoharibika, injini ikizungushwa kidogo, mkono hupata uzito wake. Kivuto cha kuzimia nacho hutajwa kwa sababu kikisahauliwa nje, injekta pampu haitoi dizeli hata kama hewa yote imeondoka. Na muda wa stata umewekewa kikomo si kwa ajili ya betri pekee: dizeli ndiyo inayolainisha sehemu za ndani za injekta pampu, hivyo kuizungusha kavu kwa muda mrefu ni kuisaga.

Injini za presha kubwa

Maelekezo yaliyo hapo juu hayafai kuhamishiwa kwenye injini za kisasa, na hapa mfasiri anayenakili sentensi kutoka mwongozo mmoja kwenda mwingine anaweza kumdhuru mtu. Tangu miaka ya 1990, Denso ikianza kwenye malori mwaka 1995 na Bosch kwenye magari madogo mwaka 1997, injini nyingi zimejengwa kwa mfumo ambao mafundi huuita komoni reli. Tafsiri ya "reli ya pamoja" humpeleka msomaji kwenye garimoshi. Kinachotajwa ni bomba nene la chuma linalotunza dizeli yenye presha kubwa kwa ajili ya nozeli zote, na nozeli hufunguliwa kwa umeme. Mifumo ya mwanzo ya magari madogo ilifikia zaidi ya bar 1,300. Ya baadaye imevuka 2,000.

Dizeli inayotoka kwenye ufa kwa presha hiyo hupenya ngozi kama sindano. Jeraha lake huwa tundu dogo lisiloumiza sana mwanzoni, ilhali ndani mafuta yameenea kwenye nyama. Mtu huyo anahitaji daktari wa upasuaji ndani ya saa chache, si plasta. Kwa sababu hiyo uvujaji hautafutwi kwa kidole bali kwa kipande cha kadibodi, na nati za upande wa presha hazilegezwi kwa ajili ya kutoa hewa.

Onyo hilo likiandikwa, kitenzi waka kinahitaji kutazamwa tena. "Usilegeze nati injini ikiwaka" ina tafsiri mbili, na moja ni ya moto. Tena inamruhusu msomaji kudhani kwamba injini ikishazimwa tu ni salama, wakati presha inaweza kubaki ndani ya bomba kwa muda. Iandikwe: "Usilegeze nati yoyote ya mabomba ya presha wakati injini inafanya kazi au inazungushwa kwa stata, wala mara baada ya kuzimwa, subiri muda uliotajwa na mtengenezaji." Neno presha lisibadilishwe kuwa kanieneo katika waraka wa gereji. Kanieneo ni istilahi halali ya darasa la fizikia, lakini anayefungua boneti anaijua presha, ya tairi na ya moyo pia.

Katika injini nyingi za namna hii ambazo pampu yake ya kuvuta ni ya umeme, hakuna cha kulegeza. Dizeli husukumwa na pampu hiyo, na hewa hurudi tangini kwa paipu ya marejeo. Maelekezo hupungua hadi mistari miwili, na ugumu wote umo katika kumzuia msomaji asipige stata mapema: "Geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, bila kupiga stata. Sikiliza mlio wa pampu. Unyamazapo, rudisha ufunguo, kisha urudie mara tatu au nne kabla ya kuwasha injini."